Nyati au Kiberiti

Wanaosema mke na mume hawawezi kufanya kazi moja bila kutoana macho, hawakuwahi kuwaona hawa wawili. Kwa miaka kumi na minne mume aliendesha gari la mashindano, mke akaketi kiti cha pembeni na daftari mapajani, akimsomea njia. Yeye ndiye aliyesema kona ijayo ni kali au ni laini, tuta lipo au halipo, daraja ni la magogo au la zege. Mume kazi yake ilikuwa kukanyaga mafuta. Mashabiki wakambatiza mume Kimbunga, mke wakamwita Dira, na majina yakawaganda mpaka nyumbani, mpaka kwa mama mzazi wa huyo Kimbunga, ambaye alikuwa amempa mwanawe jina zuri tu la babu yake na sasa analiona kwenye vyeti tu.

Dira alikuwa mkali, tusifichane. Ndani ya gari hakuwa na mume. Alikuwa na mguu wa kulia unaohitaji kuambiwa. "Gia ya tatu! Ya tatu nimesema, masikio umeyaacha hotelini?" Na Kimbunga anabadilisha, kimya. Hawakuwahi kupinduka hata mara moja, maana daftari la Dira halikuwahi kukosea na Kimbunga hakuwahi kulibishia. Kwenye vumbi huoni kitu. Unaifuata sauti ya mwenzako, basi.

Sasa sikiliza kituko. Dira mwenyewe hakujua kuendesha gari. Si gari la mashindano, si gari la kubebea nyanya, hajui kabisa. Miaka kumi na minne anamfokea mtu juu ya gia, na gia yenyewe hajawahi kuishika! Watu wa nje hawakulijua hilo, lakini nyumbani Kimbunga alilifanya utani wake wa kudumu. "Huyu mke wangu ni dereva hodari kunishinda," angesema mbele ya ndugu, "ila anaendesha kwa mdomo." Ndugu wanacheka, Dira naye anacheka, na kila mara kicheko kile kinamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mashindano waliyaacha mgongo wa Kimbunga ulipogoma. Kimbunga akafungua karakana ya tairi mbele ya nyumba, na Dira akarudi kwenye kazi aliyoisomea ujanani, kupima maji. Miezi miwili iliyopita akaitwa kwenye usaili: bwawa linalolisha mji lilitafuta mkuu wa maabara. Kilomita thelathini na moja kutoka nyumbani, nusu lami, nusu mawe matupu. Na sharti moja lililoandikwa kwa herufi nzito: mkuu wa maabara awe na gari na aliendeshe mwenyewe, kwa kuwa maji yakichafuka hayamngoji dereva.

"Unaendesha, bila shaka?" waliuliza wazee wa kamati, huku wanacheka. Walikuwa wamemwona kwenye magazeti miaka yote ile. Ilikuwa sawa na kumwuliza samaki kama anajua kuogelea.

"Bila shaka," akajibu Dira.

Alitoka pale na kazi mkononi, jasho linamtiririka mpaka visigino. Kesho yake akajiandikisha shule ya udereva, mtaa wa mbali kabisa ambako hakuna anayemjua.

Na mumewe je? Hakumwambia. Angemwambia vipi? Kimbunga angejitolea kumfundisha yeye mwenyewe, na siku ambayo Dira angezimisha gari mbele ya mwanamume ambaye yeye amemfokea miaka kumi na minne, habari ingefika karakana kabla ya chai ya saa nne. Basi kila Jumanne na Alhamisi akawa anaaga kwamba anampeleka mama mkwe kliniki ya magoti. Magoti ya mama yalikuwa mabovu kweli, hapo hakuna uongo. Uongo ulikuwa kliniki. Mama mkwe alikubali kula njama kwa sharti moja tu, naye awemo. Kwa hiyo gari dogo la shule, lenye kibao cha MWANAFUNZI mbele na nyuma, likawa linazunguka vichochoro vya mtaa ule na watu watatu ndani: mwalimu mguu uko juu ya breki yake ya akiba, Dira ameukamata usukani kama mtu anayezuia mwizi asitoroke, na kiti cha nyuma bibi wa miaka sabini na mbili anafuma sweta na kutoa maoni.

"Mwanangu, yule mbuzi umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Haya. Naye amekuona. Ameshaanza kusali."

Mtihani wa kwanza Dira alianguka, aliangusha koni mbili na heshima yake yote. Wa pili akapita, Jumatano, siku tano tu kabla ya Jumatatu aliyotakiwa kuripoti bwawani. Leseni akaificha ndani ya kikasha cha miwani. Aliapa kwamba jioni ileile atamweleza mumewe kila kitu. Mficha uchi hazai, alijiambia njia nzima.

Lakini Kimbunga naye alikuwa na lake. Alirudi amenunua soda nne, uso unang'aa.

"Nimeshapanga," akasema, hata hajakaa. "Kazi yako mpya inataka gari, sivyo? Gari tunanunua, na dereva ni mimi! Nakupeleka asubuhi, nakurudisha jioni, kila siku ya Mungu. Karakana fundi wangu ataitazama. Tutakuwa wawili barabarani tena, bibie!"

Mama mkwe akaacha kufuma. Dira akamtazama mumewe, akaiona ile furaha, furaha ambayo hakuwa ameiona tangu siku walipoliuza gari la mashindano. Maneno yakamrudi tumboni. "Vizuri," akasema, akanywa soda asiyoitaka.

Kimbunga alikuwa ameshakwenda yadi ya magari na kuchagua mawili. Usidhani alichagua gari la mtu mzima mwenye mgongo mbovu. Yote mawili yalikuwa magari ya jangwani, injini za kutetemesha madirisha ya jirani, ya kupanda miamba na kuruka matuta ya mchanga. La kwanza lilikuwa na milango minne na sanduku la mizigo nyuma, refu, pana kama lango la ghala, tairi zake zinamfika Dira kiunoni. Gia za mkono, klachi nzito. Hilo Kimbunga alilipa jina papo hapo, Nyati. La pili lilikuwa fupi, la pembe nne, limesimama wima, vioo kila upande na gia zinazojibadilisha zenyewe. Hilo mama mkwe, alipooneshwa picha, ndiye aliyelibatiza Kiberiti.

"Moyo wangu uko kwa Nyati," Kimbunga alikiri. "Ila useme wewe, Dira."

Hapo ndipo Dira alipoanza kukokotoa. Kiberiti anakiweza. Ni kifupi, unaziona pembe zake zote, hakina klachi, na mtu aliyejifunzia gari dogo vichochoroni hawezi kupotea ndani yake. Nyati? Nyati ni mnyama wa Kimbunga. Nyati akiingia katika ua ule, usukani ni wa Kimbunga milele, na yeye atabaki kiti cha pembeni mpaka azeeke, kazi ataipoteza siku watu wa bwawani watakapogundua kwamba analetwa kama mtoto wa chekechea. Kwa hiyo Kiberiti lazima kishinde. Na kishinde bila yeye kutamka neno.

"Gari la kila siku," akasema kwa sauti ya hekima, "hupimwa kwa njia ya kila siku. Niachie mimi niandike njia."

Alhamisi akatoka kwa miguu na daftari. Akaandika njia ya kilomita nne kama alivyozoea, kila kona na kila tuta. Na jamani, mwanamke huyu alikuwa na hila! Hakuacha kichochoro. Njia ile ilipita kwa fundi cherehani, pale ambapo hata toroli hukunja mabega. Ikapita nyuma ya soko. Ikaingia duka la dawa lenye maegesho ya magari matatu madogo. Ikazunguka posta na kurudi nyumbani. Njia ya kumwaibisha Nyati, hatua kwa hatua.

Jumamosi asubuhi muuzaji wa yadi akaja, mwanamume mwembamba mwenye tai iliyombana koo, na dereva wa yadi akayaleta magari yote mawili akaenda zake. Wakakubaliana waende wote. Kimbunga usukani, Dira pembeni, nyuma mama mkwe na muuzaji. Saa ya kupimia muda ikaning'inia shingoni mwa Dira.

Wakaanza na Kiberiti.

"Mita ishirini, geti. Kushoto kali. Mita sitini, tuta. Tuta! Mita thelathini, kulia kali, usikate, kuna ndoo za maua."

Kiberiti kikateleza kila mahali kama sabuni bafuni. Kwa fundi cherehani kikapita na nafasi ikabaki. Kwenye duka la dawa Kimbunga akakiegesha kwa mkupuo mmoja. Dira akaandika dakika, moyo unamchekea. Tatizo lilikuwa springi zake. Kiberiti kilijengwa kuruka, na kila tuta kililichukua kama tusi la kulipizwa. Kiti cha nyuma watu walipanda na kushuka kama mahindi yanayopepetwa.

"Mzee wa yadi," mama mkwe akamwuliza muuzaji, ameshika taya, "meno ya bandia mnayalipia, au mtu anakuja na yake?"

Muuzaji akailegeza tai yake. Alikuwa ameanza kugeuka rangi.

Walipopanda Nyati, ilibidi mama anyanyuliwe kama gunia, na hilo Dira aliliandika kwa furaha. Lakini gari lilipoondoka, mama akasema, "Loo!" na hakusema zaidi. Matuta yaliyeyuka chini yao. Nyati alikwenda kama mtu mnene anayecheza muziki vizuri, huelewi uzito kaupeleka wapi. Ila uchochoro ni uchochoro. Kwa fundi cherehani ikabidi vioo vyote viwili vikunjwe, na fundi mwenyewe aondoe meza yake barabarani. Duka la dawa Nyati alimaliza maegesho yote matatu peke yake. Saa inahesabu, Dira anaandika, Kimbunga uso umeanza kusinyaa.

Wakabakiza posta. Dira akasoma alivyoandika, sauti ileile ya siku za vumbi. "Mita arobaini, kulia, wazi. Kulia wazi, nyoosha."

Kimbunga akakata kulia na kunyoosha.

Puu! Pua ya Nyati ikainama ghafla, gurudumu la mbele la kulia likazama, la nyuma la kushoto likapaa hewani na kubaki linazunguka. Muuzaji akamwita mama yake. Vumbi lilipotua wakaona: mtaro mpya kabisa, umekatwa kutoka ukingoni hadi katikati ya barabara, na rundo la udongo mwekundu juu yake kubwa kama kitanda. Watu wa mabomba walikuwa wameuchimba Ijumaa.

Hakuna aliyeumia, ila mgongo wa Kimbunga ulimshika palepale. Akashuka taratibu, amepinda kama mtu anayetafuta sarafu chini. Dira akaruka kutoka upande wake akamkimbilia, na alipoona yu mzima, hasira ikachukua zamu.

"Lakini wewe! Rundo lote hili la udongo hukuliona?"

"Niliona."

"Uliona?"

"Niliona vizuri sana," Kimbunga akasema, mikono kiunoni. "Nikaona na mtaro."

"Sasa mbona hukusimama?"

Kimbunga akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Si ulisema wazi."

Dira akautazama mtaro, akamtazama mumewe. Mtu mzima, jua la saa tano, barabara nyeupe mbele yake, ameona shimo kwa macho yake mawili, halafu akayaambia macho yake ninyi ni waongo, mke wangu kasema wazi! Alitaka kucheka, alitaka kulia, akashindwa kuamua. Na huku moyoni anajua kwamba daftari lile, daftari ambalo mume huyu aliliamini kuliko macho yake, kwa mara ya kwanza maishani ameliandika kwa ujanja. Alitamani ule mtaro uwe na nafasi ya mtu mmoja zaidi.

Wapita njia walishaanza kukusanyika. Watatu wakakubali kupanda sanduku la nyuma ili lile gurudumu liguse chini. Swali likabaki moja, nani ashike usukani. Kimbunga hakuweza hata kuinua mguu, sembuse kuikanyaga klachi ile. Wote wakamgeukia muuzaji, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi za posta anajipepea kwa tai yake.

"Mimi nauza tu," akasema kwa unyonge. "Za klachi siziwezi. Ndiyo maana yakaletwa na dereva."

"Nitaendesha mimi," akasema Dira.

Kimbunga akacheka, ingawa kicheko kilimuuma mgongo. "Bibie, huku si kwa kuendesha kwa mdomo."

"Hata kwa miguu anaendesha," akasema mama mkwe. Alikuwa ameletewa kiti na mwenye duka, ametulia pembeni ya barabara na sweta lake. "Usimcheke mwenzio. Mimi nimekaa nyuma yake miezi miwili, kila Jumanne na Alhamisi. Na leseni anayo. Iko kwenye kikasha cha miwani."

Kimbunga akamtazama mama yake, akamtazama mkewe. "Kliniki ya magoti?"

"Magoti yangu hayajambo," akasema mama.

Maji yakimwagika hayazoleki. Dira hakungoja aulizwe zaidi. Akapanda, akakivuta kiti mbele mpaka kikagoma, akakunja koti la muuzaji akalikalia. Klachi ilikuwa nzito kama kusukuma kabati. Akawasha, akaachia, injini ikakohoa na kuzima. Watu wakacheka. Akawasha tena. Tatizo ni kwamba hakuona chochote: pua ya Nyati ilimziba, mbele yake ni bati na udongo mwekundu. Gurudumu liko wapi, ukingo wa mtaro uko wapi, hajui.

Ndipo akaisikia sauti, chini upande wa kulia.

"Gia ya kwanza. Usiguse mafuta, mwache mwenyewe apumue. Kushoto kidogo. Kidogo, nimesema kidogo!"

Dira alikuwa tayari kujibu. Jibu lilishafika kwenye ulimi, tena kali. Akaling'ata. Haoni, na anayeona ni yule. Akakata kushoto kidogo.

"Shika hapo. Sasa achia klachi kama unamlaza mtoto. Hivyo. Njoo. Njoo. Usiogope, nipo."

Nyati akatetemeka, akanguruma tumboni, akanyanyua bega. Dira akasikia gurudumu linang'ata udongo, linateleza, linang'ata tena. Kila kitu mwilini kilimwambia simama. Sauti ikamwambia njoo. Akaenda na sauti, na kwa mara ya kwanza akajua mwenzake alikuwa anampa nini miaka yote ile, kila kona, bila kuuliza.

"Nyoosha! Mafuta sasa!"

Akakanyaga. Nyati akaruka kutoka mtaroni, wale watatu nyuma wakapiga yowe la furaha, na gari likasimama katikati ya barabara, zima, lenye mkwaruzo mmoja kwenye bampa ambao muuzaji aliukimbilia kama mzazi. Watu wakapiga makofi. Dira akabaki ameshika usukani, anacheka peke yake na machozi yanamtoka.

Kimbunga akafika dirishani, bado amepinda. Walitazamana.

"Kwa nini ulinificha?"

"Ungenicheka."

Kimbunga alitaka kukataa. Akafikiri kwanza, na hilo ni jambo la kumheshimu. "Ningekucheka," akakubali. "Ningekucheka sana. Nisamehe."

Basi Dira akayatoa yote, palepale, injini inawaka. Usaili, sharti la herufi nzito, koni mbili. Akamwambia na la daftari pia, kwamba njia ile aliichagua makusudi ili Nyati aaibike. Kimbunga alisikiliza mpaka mwisho, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa hiyo Jumatatu hunihitaji."

"Kazini sikuhitaji," akasema Dira. "Nisikudanganye tena. Hilo liko hivyo."

Kimbunga akaitikia kwa kichwa. Ilimuuma, ilionekana ilivyomuuma, wala hakujaribu kuificha. Alikuwa ameota asubuhi zile, wawili barabarani, na sasa zinapita mbele yake kama gari lisilosimama kituoni. Akapangusa vumbi kwenye kioo cha pembeni kwa kiganja, muda mrefu kuliko vumbi lenyewe.

"Haya," akasema mwishowe, akakohoa. "Ni gari lako, basi. Tuchukue Kiberiti. Ndicho ulichokitaka."

Dira akautazama usukani. Akafikiria vichochoro alivyoviandika, fundi cherehani, soko, duka la dawa. Vyote alikuwa anavipita kwa miguu! Njia yake ya kila siku kuanzia Jumatatu ni kilomita thelathini na moja, nusu mawe, na kule bwawani kuna uwanja ambao hata ndege ingeegeshwa. Nani alimwambia apime maisha yake mapya kwa njia ya kwenda dukani? Na springi za Kiberiti, kila siku, kwenye mawe yale? Angefika kazini hana figo.

"Kiberiti cha nini?" akasema. "Nataka huyu."

"Huyu? Na klachi hii?"

"Mguu utazoea. Umeona wewe."

"Nimeona," akasema Kimbunga, na sasa alikuwa anatabasamu bila kutaka. "Mzee wa yadi! Njoo tuzungumze juu ya huo mkwaruzo wako!"

Jumapili nzima Kimbunga hakutoka karakanani. Mgongo umefungwa kitambaa, fundi wake akimshikia, alikata mpira wa tairi kuukuu akauweka juu ya klachi ili mguu mfupi uifikie. Akainua kiti cha dereva kwa vipande viwili vya chuma. Akachomelea na ngazi ya hatua mbili mlango wa nyuma, kwa ajili ya mama. Dira alipompelekea chai, Kimbunga aliinywa amekaa kiti cha pembeni cha Nyati, mlango wazi, akiangalia mbele.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu Dira akatoka na koti jeupe mkononi. Kimbunga alishaliwasha gari lipate moto, na alikuwa amekaa palepale, pembeni, mkanda amefunga.

"Nakusindikiza tu," akasema. "Leo tu. Mpaka pale lami inapoishia."

Dira akapanda, akafunga mlango, akaweka mikono kwenye usukani. Alimpenda sana wakati ule, na hofu alikuwa nayo, na ingekuwa rahisi mno kusema haya.

"Shuka, mume wangu," akasema.

Kimbunga akakaa kidogo. Halafu akafungua mkanda, akashuka polepole kwa ajili ya mgongo, akaenda akafungua geti pande zote mbili na kusimama kando, wima kadiri alivyoweza. Mama mkwe alikuwa dirishani na sweta lake. Nyati akatoka, hakuzima, hakugusa nguzo.

Akiwa kwenye lami, Dira alishangaa ukimya. Hakuna aliyesoma njia. Kwa miaka kumi na minne ndani ya gari hakuwahi kunyamaza, na sasa hakuwa na wa kumwambia. Lami ikaisha, mawe yakaanza, Nyati akayalamba. Mara tatu akakuta mdomo umefunguka wenyewe mbele ya kona, na mara tatu akaufunga, akaikata kona kwa mikono.

Kwenye geti la bwawa mlinzi akatoka kibandani na kalamu, akalitazama lile gari kutoka tairi hadi paa, akamwona mwanamke kwenye usukani, akasogea kuchungulia kiti cha nyuma, kisha cha pembeni.

"Shikamoo, dereva. Tumeambiwa mkuu mpya wa maabara anafika leo. Umemleta?"

"Marahaba," akasema Dira. "Nimemleta."

"Yuko wapi sasa?"

Dira akainama dirishani ili yule mtu amwone vizuri, koti jeupe na vyote.

"Fungua geti, kaka," akasema. "Nimejileta mwenyewe."